Kulisha kinyonga wa kufuga, na kumsoma kabla hajaugua

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili mjue huu mwongozo umetokea wapi. Jumamosi moja ya Novemba asubuhi nimemshikia kinyonga wangu nzige kwa kibanio kama ninavyofanya siku zote, yeye akamgeuzia macho yote mawili (kinyonga akileta macho yote mawili mbele ujue keshaamua), akafungua mdomo taratibu, ulimi ukachomoza, ukatoka kama sentimita tatu hivi ukaning'inia. Yaani kama manati ambayo mpira wake umelegea. Akaurudisha kwa tabu akajaribu tena, hivo hivo. Mara ya tatu hata mdomo hakufungua, akageuka zake akatazama ukuta, na mimi nikajiambia kashiba huyu, jana kala sana.

Hakuwa ameshiba. Wiki iliyofuata daktari wa wanyama watambaao akambonyeza taya kwa ncha ya kidole, taratibu tu, taya likabonyea kama chupa ya maji ya plastiki, na kwenye eksirei mifupa imefifia mpaka hujui ipi mbavu kipi kivuli. Ugonjwa wa mifupa, kalsiamu hamna. Na mimi namlisha kila siku jamani, tena wadudu wanono!

Anaitwa Mshihiri. Huku Uingereza aina yake wanaiita kinyonga wa Yemeni, wale wenye kichwa kirefu kimechongoka juu kama kofia, asili yao ni Yemeni na kusini magharibi mwa Saudia, sasa mtoto wa Tanga ukimpa Mwarabu wa Yemeni atamwita nani kama sio Mshihiri. Mama nilipomwambia kwenye simu kwamba nafuga kinyonga ndani ya nyumba alinyamaza kwanza, alafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "mwanangu, kuna mtu kakufanyia kitu huko?" Simlaumu. Kwetu Lushoto tukimwona kinyonga kwenye uzio tunatimua mbio, na wale watundu walikuwa wanamtia ugoro mdomoni waone anavyogeuka mweusi, Mungu atusamehe. Hana sumu, na hang'ati mpaka umbane. Tena wanasayansi mwaka 2006 walipotenga jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki waliipa jina Kinyongia, neno letu hilo hilo, na baadhi yao wako Usambara huko huko tulikokuwa tunawakimbia.

Kabla ya hatua zenyewe, neno moja kwa mliopo nyumbani: msiende kubeba kinyonga porini au kwenye uzio wa jirani mkamfungia. Mnyamapori ni mali ya umma, Kenya na Tanzania kumfuga kunahitaji kibali, na karibu vinyonga wote biashara yao ya kimataifa inabanwa na mkataba wa CITES. Tanzania mwaka 2016 ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Isitoshe wa porini anakuja na minyoo yake na hofu zake, wengi wanakufa ndani ya wiki chache. Mimi huyu nilimchukua kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, akiwa na miezi minne.

Hatua ya kwanza: taa, ndo chakula baadaye

Najua umekuja kusoma habari za chakula, vumilia kidogo maana hapa ndo nilipoharibu. Kalsiamu unayompa haifanyi kazi yoyote mwilini bila vitamini D3, na D3 kinyonga anaitengeneza kwenye ngozi yake akipigwa na miale ya UVB, ile iliyomo kwenye jua. Ndani ya nyumba hamna. Dirishani pia hamna, kioo kinazuia karibu UVB yote, kwa hiyo kumweka "apate jua" nyuma ya kioo cha dirisha unampa joto tu na unaweza kumchemsha.

Dukani niliuziwa kibalbu kidogo cha kujisokota, nikaambiwa kinatosha. Hakitoshi. Unataka taa ndefu ya mrija, aina ya T5, UVB asilimia 5 au 6, inayopita upana wote wa juu wa keji. Tawi lake la kuotea jua lipange hivi: akikaa pale mgongo wake uwe sentimita 20 hadi 25 chini ya taa. Usipime kutoka kwenye tawi, pima kutoka mgongoni, maana kinyonga dume mkubwa ana kimo. Washa saa 12 zima saa 12, nunua taima usitegemee kichwa chako. Na badilisha taa kila mwaka hata kama inawaka vizuri, kwa sababu UVB inakwisha wakati mwanga wa macho yetu bado upo, hii ndo inawadanganya watu wengi sana.

Pembeni yake balbu ya kawaida ya joto, pale anapoota pawe nyuzi 29 hadi 32 kwa dume mzima, jike na watoto punguza mpaka 27 hivi. Sehemu nyingine ya keji 22 hadi 26. Usiku zima kila kitu, ishuke hata 16 ni sawa, anahitaji hiyo baridi ya usiku, msiweke taa nyekundu za usiku wala nini. Keji iwe ya wavu, ndefu kwenda juu (yangu ni sentimita 60 kwa 60 kwa 120), ndani miti ya kweli.

Hatua ya pili: wadudu gani

Nyenje na nzige ndo ugali wake, vingine vyote ni mboga. Hapa Leicester nzige wanauzwa kwenye vikopo vya plastiki, wamepangwa kwa saizi kama viatu. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoivamia Kenya, mawingu na mawingu, uvamizi ambao haukuonekana kule kwa miaka 70, mimi natazama taarifa ya habari huku nimeshika kikopo cha nzige hao hao niliowanunua kwa pesa yangu. Dunia ina mambo.

Kwa hiyo nyenje au nzige kila mlo, alafu unabadilisha:

Mende aina ya dubia ni wazuri sana, wana nyama, hawanuki, hawapandi kioo. Sio mende wa jikoni!! Wa jikoni keshapita kwenye dawa na kwenye choo cha jirani.

Funza wa BSF (yaani black soldier fly, inzi fulani mweusi), wale ambao sa hivi wafugaji wa kuku nyumbani wanawazalisha kwenye takataka, hao wana kalsiamu nyingi wao wenyewe, bila hata poda. Mpe wachache, kila wiki.

Viwavi wa hariri ukiwapata, laini na wana maji, kinyonga mgonjwa anawapenda.

Funza wa unga (wale wa njano wagumu) na wale wa nta wenye mafuta, hao ni kama maandazi. Mmoja mmoja kwa wiki. Mshihiri ukimpa wa nta siku mbili mfululizo siku ya tatu anakataa nzige, anakaa anakuangalia kama mtoto aliyeonja soda.

Saizi: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kipimo hiki fuata, hasa kwa wadogo, wanakabwa.

Wadudu wa nje mimi sipokei, hujui wamekula majani yaliyopigiwa dawa gani. Na kimulimuli kamwe, baadhi yao wana sumu inayoua mjusi kwa mmoja tu.

Kinyonga wa Yemeni ana kingine, anakula majani. Ndo maana nasema miti ya kweli, na iwe salama: haibiskasi, pothosi, fikasi. Mshihiri haibiskasi kaila mpaka imebaki fito, maua ndo kabisa hayafikishi mchana.

Hatua ya tatu: lisha mdudu kabla mdudu hajalisha kinyonga

Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inaonekana ya kijinga, nimsosishe nyenje? Ndio, msosishe. Nyenje wa dukani amekaa njaa siku tatu kwenye kikopo na kipande cha kreti ya mayai, ndani yake hamna kitu, ni ganda linalotembea. Kinyonga akila huyo anakula karatasi. Na hata akiwa kashiba, nyenje kwa maumbile ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa, na fosforasi ikizidi inazuia ile kalsiamu isiingie.

Mi nina ndoo ya plastiki yenye matundu kwenye kifuniko. Wadudu wakifika wanakaa humo siku moja mpaka mbili wanakula kwanza. Wanakula nini: sukuma wiki (huku wana ndugu yake wanamwita kale, anafaa), karoti ya kukwaruza, kiazi kitamu, kipande cha chungwa, majani ya dandelioni lile ua la njano linaloota kila mahali huku. Maji usiweke kwenye sahani, nyenje wanajizamisha wenyewe, chungwa na karoti vinatosha.

Sasa sikiliza hapa. Spinachi usiweke, na mchicha pia, najua inauma. Vyote viwili vina oksaleti nyingi, inaishika kalsiamu inaipitisha tu mpaka nje. Mi mwanzoni nilikuwa nawapa mchicha kila siku nikijua nafanya la maana, maana mchicha si ndo tulioambiwa unajenga mwili. Kwa binadamu sawa. Letasi yenyewe haina madhara ila haina kitu, ni maji yenye rangi.

Ndoo safisha kila unapobadilisha chakula. Karoti iliyooza inaua nyenje wote kwa usiku mmoja na harufu yake ntakwambia, mwenzangu wa nyumba aliniambia nichague.

Hatua ya nne: poda

Poda ziko tatu na kosa kubwa ni kuzichanganya ovyo. Kalsiamu tupu isiyo na D3 wala fosforasi, hiyo karibu kila mlo. Kalsiamu yenye D3, mara mbili kwa mwezi. Vitamini mchanganyiko zenye vitamini A, mara mbili kwa mwezi, siku tofauti na ile ya D3. Mi naweka hivi: tarehe 1 na 15 D3, tarehe 8 na 22 vitamini, siku nyingine zote za kula kalsiamu tupu. Imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu.

Mbona D3 kidogo hivo kama ni muhimu? Kwa sababu ile anayotengeneza mwenyewe kwa taa mwili unajua kuisimamisha ikitosha, ila ile ya kumeza inaingia tu yote, na D3 na vitamini A zinakaa kwenye mafuta ya mwili, hazitoki kwa mkojo. Zikijaa zinaharibu figo, mwili unavimba. Kwa hiyo yule anayekwambia "zidisha vitamini apone haraka" mkimbie.

Namna ya kupaka: mfuko wa plastiki, wadudu wanne watano ndani, poda ya ukubwa wa punje chache za mchele, tikisa mara mbili. Mdudu atoke kama kapita kwenye vumbi la barabara, sio kama andazi limemwagiwa sukari. Akiwa mweupe pee kinyonga anamtema.

Na kama unayefuga ni yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya na Meru, punguza poda za D3 na vitamini, nusu ya hizi, yeye ni wa baridi na anadhurika haraka. Na joto lake pia ni la chini kuliko nilivyoandika juu.

Hatua ya tano: kiasi, na hapa ndo tunawaua kwa mapenzi

Mtoto mpaka miezi mitatu anakula mara mbili kwa siku, anachoweza ndani ya robo saa. Mpaka miezi sita kila siku, wadudu kumi hivi wa saizi yake. Kuanzia hapo unaanza kupunguza polepole. Akifika mwaka, dume analishwa siku moja anaruka moja, wadudu watano sita basi. Jike mzima watatu wanne, mara mbili au tatu kwa wiki tu.

Utaona ni kidogo na yeye atakuja mbele ya keji kukuangalia. Usidanganyike. Kinyonga hajui kesho atapata, kwa hiyo anakula chochote kinachopita. Dume akizidishiwa protini kila siku, hasa maji yakiwa machache, viungo vinavimba kwa gauti, kama wazee wetu wa nyama choma. Jike ni hatari zaidi: jike wa Yemeni anataga hata kama hajawahi kuona dume, na chakula kingi na joto kingi vinamfanya atengeneze mayai mengi mno, yanaweza kupita 80, yanamkausha kalsiamu yote au yanakwama tumboni anakufa. Mwenye jike aweke ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina sentimita 30, muda wote, na akianza kuchimba mfunikeni kitambaa mwacheni, msimchungulie.

Lisha asubuhi, taa zikishawaka saa moja hivi. Ulimi wake unaweza kufyatuka hata akiwa baridi, lakini tumbo halifanyi kazi bila joto, akila saa moja jioni chakula kinalala tumboni usiku kucha. Alafu wadudu waliobaki kusanya. Nyenje mwenye njaa usiku anamng'ata kinyonga aliyelala, kwenye kope na mkia, nimeona picha zake sitaki kuzisimulia.

Hatua ya sita: maji

Jina la Mshihiri limekuja na kichekesho chake, maana zamani pwani Washihiri ndo walikuwa wachukuzi wa maji, na huyu wangu bakuli la maji hata halitambui. Kinyonga hanywi maji yaliyotulia. Anakunywa matone kwenye majani. Kwa hiyo spreyi: alfajiri kabla taa hazijawaka dakika mbili hivi, na jioni zikishazimwa dakika mbili. Mchana naweka chupa yenye tundu dogo juu ya keji inadondosha tone tone kwenye pothosi nusu saa, na mara nyingi anajifanya hataki, ukitoka chumbani tu unasikia kimya, unachungulia, yupo anaramba.

Ila mchana keji ikauke. Unyevu wa mchana asilimia 30 hadi 50, usiku ndo upande juu hata 80. Joto na maji na hewa iliyosimama kwa pamoja vinaleta ugonjwa wa mapafu. Ndo sababu nyingine ya keji ya wavu.

Hatua ya saba: kumsoma

Hapa ndo kazi yenyewe. Kuku akiumwa unamwona kajikunyata, mbuzi akiumwa analia, kinyonga akiumwa anajifanya mzima mpaka siku ya mwisho, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu analiwa. Ukija kuona "leo kinyonga wangu anaonekana mgonjwa" ujue anaumwa wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo humsubiri aumwe, unamjua alivyo akiwa mzima, kwa maandishi.

Nina daftari la kawaida la shule. Kila siku mstari mmoja: kala nini na wangapi, kapiga ulimi mara ngapi na kakosa mara ngapi, kanya au hakunya na rangi gani, macho. Jumapili uzito. Mizani ni ile ya jikoni ya gramu, juu yake nimeweka kijiti kwenye kopo, napunguza uzito wa kopo, anapanda mwenyewe. Mwenzangu wa nyumba ana mizani yake, hii haigusi.

Na niwaambie kitu kilichoniuma. Baada ya ile siku ya daktari nilirudi nikafungua daftari (nilikuwa nimeanza kuandika wiki tatu nyuma, kwa uvivu uvivu) nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: tarehe 29 Oktoba, "kakosa mara 1". Tarehe 2 Novemba, "kakosa 2, amesogea karibu zaidi kabla ya kupiga". Tarehe 7, "anapenda kula karibu na kibanio siku hizi". Anapenda! Alikuwa hawezi tena mbali, anafupisha masafa, na mimi naandika kama habari ya mapenzi. Kwa hiyo kuandika peke yake haitoshi, Jumapili ukishampima soma wiki nzima nyuma.

Namsoma kwa mpangilio, kuanzia kichwani:

Macho yawe yamejaa, yanazunguka kila moja kwa njia yake. Yakizama ndani ni kiu au ugonjwa. Kinyonga kufumba macho mchana, hata dakika tano, hata jicho moja, ni dalili mbaya, hawa hawasinzii mchana kama paka. Kuvimba kope mara nyingi ni vitamini A imepungua, ingawa inaweza kuwa uchafu tu, spreyi ndefu ya maji vuguvugu itakuonyesha.

Mdomo ufungane sawa pande zote. Akiachama chini ya balbu ni joto limezidi, shusha tawi. Akiachama kwenye ubaridi, kichwa kainua juu, mate yana povu, hayo ni mapafu, usingoje kesho.

Mikono na miguu: mfupa ulionyooka. Akitembea anatetemeka (sio ule mwendo wake wa kuyumbayumba kama jani, ule ni kawaida), au anashika mkono wake mwenyewe badala ya tawi, au anatembea tumbo linaburuza tawini, ni mifupa.

Rangi, hapa watu wanapenda hadithi. Habari ya kwamba anabadilika afanane na kitu alichokalia sio kweli kihivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva mwaka 2015 walieleza kwamba kwenye ngozi kuna seli zenye vifuwele vidogo sana, akitulia vimekaribiana, akipandwa na hasira au akitaka jike vinaachana na rangi inahama. Kwa hiyo rangi ni hali ya moyo na joto la mwili. Asubuhi Mshihiri anakuwa wa giza upande mmoja tu, ule uliogeukia balbu, upande wa pili bado kijani, anakusanya joto, baada ya dakika ishirini kapauka vizuri. Akikaa wa giza mchana kutwa na joto lipo, kuna kinachomsumbua. Wiki moja alikuwa hivo nikahangaika na taa na chakula, kumbe paka wa jirani alikuwa anakuja kukaa nje ya dirisha kila saa nne. Pazia likamaliza. Kioo pia, akijiona anadhani ni dume mwenzake.

Kinyesi, samahani kwa mnaokula. Kina sehemu mbili, ya kahawia na ile nyeupe ambayo ndo mkojo wake mkavu. Nyeupe iwe nyeupe kweli, ncha ikiwa na njano kidogo sio kesi. Ikiwa rangi ya chungwa yote, ongeza spreyi kuanzia jioni hiyo hiyo. Mara moja kwa mwaka peleka kinyesi kibichi kipimwe minyoo na kokisidia (vimelea vidogo vya utumbo).

Kujivua ngozi kusikutishe, anakuwa mweupe mweupe kama kapakwa majivu, anakataa kula siku moja mbili, anajikwaruza. Usimbandue, ongeza unyevu tu.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Nenda siku hiyo hiyo akiwa: kafumba macho mchana, kaachama kwenye ubaridi, kaanguka kutoka tawini, jike kachimba chimba na hajataga na sasa kalegea chini. Nenda wiki hiyo hiyo akikosa shabaha mara kwa mara, uzito ukishuka kwa asilimia kumi, viungo vikivimba, au dume mzima akigoma kula wiki nzima bila kujivua ngozi. Tafuta daktari anayejua watambaao kabla hujamhitaji, sio kila daktari wa wanyama anawajua, wa kwanza niliyempigia aliniuliza kama kinyonga ni ndege wa aina gani. Beba daftari, picha ya keji inayoonyesha taa, na makopo ya poda yenyewe asome mwenyewe nyuma.

Mshihiri alipewa kalsiamu ya maji kwa sindano isiyo na ncha, mdomoni, wiki saba, na taa mpya. Taya liligangamaa. Ulimi ulirudi Januari, kwanza sentimita tano, alafu kumi, sa hivi anampiga nzige kutoka tawi la mbali nasikia "pa". Mkono wa kushoto umebaki na kibyongo kidogo, huo hautanyooka tena. Ana gramu 142.

La mwisho ni kwa wanaosafiri. Agosti nilienda Tanga wiki tatu nikamwachia rafiki yangu wa Mombasa, anaogopa kinyonga na anaogopa nyenje zaidi. Tulipatana hivi: wadudu wako kwenye vikopo vidogo, kila kikopo kina tarehe na poda imo ndani pembeni kwenye kikaratasi, yeye amimine poda, atikise, amwage kwenye kikombe kilichoning'inizwa ndani ya keji, afunge mlango aondoke, alafu anawe mikono kwa sabuni maana watambaao wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Kwenye friji nikabandika karatasi: "Asipokula leo usimwongezee kesho. Jicho likifumba mchana nipigie, hata kama ni saa nane usiku huku." Alinipigia mara moja tu, saa tatu usiku, kinyonga kafumba macho yote mawili na kageuka mweupe. Nikamuuliza taa zimewaka? Akasema hapana, zimezima sa hivi. Nikamwambia mwenzio amelala.